Mpasho uliogeuzwa wimbo wa mbwa: kisa cha "Hound Dog"

Ukitaka kumwelewa Big Mama Thornton, mwimbaji wa blues wa Marekani, anza na neno marioo. Mwanamume mwenye nguvu zake, hana kazi wala haitafuti, anahamia kwa mwanamke na begi moja, anakula, analala na kuvaa kwa jasho la mwenzake, halafu jioni anajipulizia manukato na kutoka kwenda kubisha hodi kwingine. Kila mtaa una wake. Katika mitaa ya Wamarekani Weusi miaka ya 1940 na 1950, mtu wa namna hiyo aliitwa "hound dog", mbwa wa kuwinda, anayenusanusa kwenye milango ya watu. Huyo ndiye aliyeimbiwa wimbo uliorekodiwa Los Angeles tarehe 13 Agosti 1952, na aliyemwimbia alikuwa mwanamke aliyechoka naye.

Kama wengi, niliujua wimbo huu kwanza kwa sauti ya Elvis Presley, na kwa miaka mingi nilidhani unamhusu mbwa kweli, mbwa anayelialia na asiyeweza kukamata hata sungura. Siku niliyoisikia santuri ya Thornton nilikaa nikairudia mara nne. Ni mpasho. Ni mwanamke anayemwambia mwanamume kwamba amemjua, kwamba mlango umefungwa na chakula hakipo tena. Tangu hapo swali moja limekuwa likinikera: ilikuwaje wimbo mzima ukabaki na jina lake, ukabaki na sehemu kubwa ya sauti yake, halafu ukampoteza aliyeimbiwa na ukampita aliyeimba? Kisa hiki kina majibu, na mengi yake yako kwenye karatasi za mikataba.

Waliokutana

Willie Mae Thornton, aliyekuja kuitwa Big Mama, alizaliwa tarehe 11 Desemba 1926, Ariton, Alabama. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, mama yake alikuwa akiimba kanisani. Mama alifariki binti akiwa bado msichana mdogo, na hazikupita siku nyingi Willie Mae akaondoka na kundi la maonyesho la Sammy Green lililokuwa likizunguka miji ya Kusini. Huko alijifunza kazi: kuimba, kuchekesha, kucheza, kupiga ngoma na harmonika. Hakuna aliyemkalisha darasani. Alitazama wenzake na kujaribu. Mwaka 1948 aliachana na kundi hilo akabaki Houston, Texas. Alikuwa mrefu na mwenye umbo kubwa, anapenda kuvaa shati na suruali za kiume wakati ambapo mwanamke jukwaani alitegemewa ang'ae kwa gauni.

Houston palikuwa na Don Robey, mfanyabiashara Mweusi aliyekuwa na klabu iitwayo Bronze Peacock, na mwaka 1949 akaanzisha lebo ya Peacock. Thornton alitia saini kwake mwaka 1951. Robey alikuwa mtu mgumu na mkali wa fedha, na pia mmoja wa Weusi wachache sana waliomiliki lebo katika zama hizo. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yanahitajika ili kumwelewa.

Robey ndiye aliyemuunganisha Thornton na bendi ya Johnny Otis huko Los Angeles. Otis alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, jina lake la kuzaliwa Ioannis Veliotes, aliyekulia miongoni mwa Weusi wa California na akachagua kuishi kama mmoja wao maisha yake yote. Alikuwa kiongozi wa bendi, mpiga ngoma, mtafuta vipaji. Na Otis ndiye aliyewaita vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller, waje kuwasikiliza waimbaji wake wakifanya mazoezi nyumbani kwake. Vijana hao walikuwa na miaka 19 kila mmoja. Leiber alikuwa akiandika maneno. Alikulia Baltimore, ambako mama yake alikuwa na duka, na yeye alikuwa akipeleka makaa na mafuta ya taa kwa wateja Weusi nyumba kwa nyumba. Stoller alipiga piano.

Walipomsikia Thornton mazoezini walishikwa na butwaa. Wakaondoka mbio kwenda kwa Stoller kuandika. Leiber amesimulia kwamba njiani, ndani ya gari, alikuwa akipiga mdundo kwa kiganja kwenye paa la gari huku akitafuta neno la kumtukana mwanamume ambalo redio isingelikataa. Wimbo mzima uliwachukua kama dakika 12 hivi.

Waliporudi na kipande chao cha karatasi, Thornton alikichukua akaanza kuyaimba maneno polepole, kwa ulaini, kama wimbo wa mapenzi wa kuliwaza. Leiber akamwambia hauimbwi hivyo. Unaweza kuiona picha: mtoto wa Kizungu wa miaka 19 anamfundisha kuimba blues mwanamke aliyezunguka Kusini yote akiimba tangu utotoni. Thornton hakulipenda hilo, na alimjibu hivyo. Otis akaingilia, akamtaka Leiber auimbe yeye mwenyewe na Stoller akae kwenye piano. Leiber akaimba. Thornton akasikiliza, akaelewa walichotaka, kisha akakichukua na kwenda nacho mahali ambapo Leiber asingeweza kufika.

Tarehe 13 Agosti 1952

Studio ilikuwa Radio Recorders. Otis alikaa kwenye chumba cha mitambo kama mtayarishaji, na ngoma akamwachia mpiga ngoma wake wa kawaida. Mdundo haukukaa. Mazoezini Otis mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga, na alikuwa amelegeza nyaya za chini ya ngoma ndogo, hivyo badala ya ule mlio mkavu ikatoa sauti nzito, ya kina, yenye ladha ya Kilatini. Vijana wakamwomba atoke akapige yeye. Akauliza ni nani basi angekaa kwenye mitambo. Wakamwambia: sisi. Ndivyo walivyoanza kazi ya utayarishaji, ambayo baadaye iliwapa sifa kuliko hata utunzi wao. Walirekodi mara mbili, ikatosha.

Isikilize santuri hiyo kwa makini, kwa sababu ushahidi wote umo ndani yake. Haina utangulizi wa ala. Sauti ya Thornton ndiyo inayofungua mlango, peke yake, na neno la kwanza linatoka kifuani likiwa limekwisha kukasirika. Gitaa la Pete Lewis linaingia nyuma yake kama mtu anayemfuata mama mkubwa sokoni, hatua mbili nyuma. Ubeti wa blues una vipimo 12 kwa desturi, lakini hapa vipimo vinavutika; Thornton anangoja pale anapotaka kungoja, na bendi inamsubiri. Makofi yanapigwa. Kisha inafika zamu ya gitaa la solo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji arudie mara mbili: Thornton hanyamazi. Anaongea na Lewis wakati anapiga, anamchochea, anamwita, anamwambia atikise mkia. Gitaa linalia na kuvuta nyuzi, na ghafla unatambua kwamba gitaa ndilo mbwa. Yule mwanamume anayesutwa amepewa sauti, na sauti yake ni kubweka tu. Mwishoni bendi nzima inabweka na kulia kama mbwa usiku.

Hakuna hata moja ya mambo hayo lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kungoja, kukoroma, maneno kwa mpiga gitaa, kule kucheka nusu kwenye koo: ni vitu vya Thornton, alivyovibeba kutoka kwenye maonyesho ya Sammy Green. Mwenyewe alisema miaka mingi baadaye kwamba alipewa maneno, na mengine akayatia yeye. Anayejua taarab atanielewa bila maelezo. Shairi la mpasho linaweza kuandikwa na yeyote, lakini kinachomfanya mlengwa ainuke kwenye kiti chake ni jinsi mwimbaji anavyolishusha neno, anapotua, anapomtazama mtu bila kumtaja.

Robey aliiachia santuri mapema mwaka 1953. Ilikaa namba moja kwenye chati ya R&B ya jarida la Billboard kwa wiki 7.

Majibizano

Mpasho ukishatolewa hutafutiwa jibu, na jibu lilikuja upesi kuliko alivyotarajia mtu. Machi hiyohiyo ya 1953, huko Memphis, mtangazaji na mwimbaji Rufus Thomas alirekodi "Bear Cat" kwa lebo changa ya Sun ya Sam Phillips. Mwanamume sasa anamjibu mwanamke: wewe nawe si mtu, ni paka mkali. Melodi ilikuwa ileile. Kwenye lebo aliandikwa Phillips kama mtunzi.

"Bear Cat" ilikuwa santuri ya kwanza ya Sun kufanya vizuri sokoni, na ndiyo iliyoipeleka Sun mahakamani. Robey alishitaki akashinda: kubadili maneno ya wimbo wa mtu na kuacha melodi yake mahali pake hakukufanyi uwe mtunzi. Majibu mengine nayo yalitoka mwaka huohuo kwa lebo nyingine. Kwa wafanyabiashara wa muziki somo lilieleweka. Ugomvi wa jukwaani ni wa kila mtu, lakini melodi ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuja na wakili.

Natua hapa kidogo kwa sababu watu husimulia kisa hiki kana kwamba upande wa Weusi haukuwa na mtu wa kutetea haki. Alikuwepo. Robey alijua sheria, akaitumia, na akaitumia vizuri. Ila alichokitetea kilikuwa mali ya kampuni yake ya uchapishaji. Thornton hakuwemo kwenye shauri hilo kwa namna yoyote.

Jinsi marioo alivyotoweka

Mwaka 1955 bendi iitwayo Freddie Bell and the Bellboys iliurekodi wimbo huu Philadelphia kwa lebo ya Teen. Bell alikuwa mtumbuizaji wa kumbi za hoteli. Watu wake walikuja kucheka, kula na kunywa. Maneno yaliyokuwa na harufu ya chumbani yakaondolewa. Mwanamume anayekuja kunusa mlangoni akawa mnyama anayelia muda wote. Likaongezwa lile neno la sungura. Leiber alilichukia badiliko hilo mpaka uzeeni. Alisema halina maana, na kwa upande wa maneno nakubaliana naye kabisa. Mwanamke alikuwa akimnyima mtu kitanda na sahani. Sasa mtu anamlaumu mbwa kwa kushindwa kuwinda.

Elvis Presley alikwenda Las Vegas Aprili 1956 kufanya maonyesho ya wiki mbili katika hoteli ya New Frontier. Maonyesho yalipwaya, lakini usiku alikwenda kuwatazama Bell na wenzake, na alipenda sana walivyoufanya wimbo ule kuwa kichekesho. Akauchukua kwa kufungia maonyesho yake. Tarehe 5 Juni aliuimba kwenye televisheni, katika kipindi cha Milton Berle, bila gitaa mikononi. Alipofika mwisho akapunguza mwendo hadi nusu na kuachia kiuno. Magazeti yalimrukia wiki nzima. Tarehe 1 Julai kipindi cha Steve Allen kikamvalisha koti la mkia na kumsimamisha mbele ya mbwa wa kweli aliyewekwa juu ya kistuli, aimbe akimtazama mbwa huyo. Hapo safari ya maana ilikamilika. Neno lililoanza kama tusi la mwanamke kwa mwanamume mvivu sasa lilikuwa na manyoya na masikio marefu, mbele ya taifa zima.

Kesho yake, tarehe 2 Julai, Elvis aliingia studio ya RCA mjini New York. Alikuwa na Scotty Moore kwenye gitaa, Bill Black kwenye besi, D.J. Fontana kwenye ngoma, na waitikiaji wa The Jordanaires. Walirekodi mara 31. Kijana huyo wa miaka 21 ndiye aliyekuwa akiamua. Alikaa mbele ya spika akasikiliza moja baada ya nyingine mpaka akapata aliyoitaka. Ninamheshimu kwa hilo. Alichokirekodi si kichekesho cha Bell wala udhalili wa jana yake mbele ya mbwa. Ni hasira tupu, mwendo wa kasi, na Fontana akimimina mapigo ya ngoma kati ya mstari na mstari kama mvua ya mawe juu ya bati. Moore anapiga solo iliyochafuka makusudi. Kwenye besi kuna ule mpigo wa tatu-tatu-mbili, ambao aliyekulia kwenye rumba ya Kongo atautambua mara moja, maana asili yake ni Kuba, na santuri za Kuba zilifika Léopoldville kama zilivyofika Marekani.

Santuri ilitoka Julai hiyohiyo ikiwa na "Don't Be Cruel" upande wa pili. Pande hizo mbili zilishika namba moja kwa wiki 11, na zikatawala chati zote tatu, ya pop, ya country na ya R&B.

Mike Stoller alikuwa hajui lolote. Alikuwa akirudi kutoka Ulaya na mkewe kwa meli ya Kiitaliano Andrea Doria, ambayo usiku wa tarehe 25 Julai 1956 iligongana na meli ya Stockholm karibu na Nantucket. Watu 51 walikufa. Stoller aliokolewa kwa mashua, akafikishwa New York kwa meli ya mizigo. Leiber alimsubiri gatini na nguo kavu na habari: "Hound Dog" imekuwa kubwa nchi nzima. Stoller alidhani anamzungumzia Big Mama. Leiber akamwambia hapana, ni kijana fulani wa Kizungu anayeitwa Elvis Presley.

Karatasi

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo kisa kinapouma.

Kwa santuri iliyokaa namba moja wiki 7, Thornton alisema alipata hundi moja ya dola 500 na hakuona nyingine. Kwa ile ya Elvis hakupata chochote, na kisheria hakuna aliyedaiwa naye kitu. Wengi wanaposikia hivyo hukimbilia neno wizi. Nimelifikiria sana neno hilo na naona linaficha jambo baya zaidi: hapakuhitajika wizi.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani iliyokuwa ikitumika, ya mwaka 1909, iliutambua wimbo kama maneno na melodi. Mwenye maneno na melodi, yaani mtunzi na mchapishaji wake, alilindwa. Mara wimbo uliporekodiwa kwa idhini yake mara moja, yeyote mwingine angeweza kuurekodi bila kuomba ruhusa, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Ndiyo maana Bell na Elvis walipita mlango wa mbele. Kosa la Sun lilikuwa kupita dirishani.

Na sauti iliyorekodiwa je? Kwa sheria ya shirikisho haikuwa kitu. Sauti zilizorekodiwa zilianza kulindwa na sheria hiyo tarehe 15 Februari 1972 tu. Kabla ya hapo namna ya kuimba, kukoroma, kungoja, kubuni mazungumzo na gitaa, vyote vilikuwa kama upepo. Redio nazo zilipoucheza wimbo zililipa upande wa utunzi, na mpaka leo redio za kawaida za Marekani hazimlipi mwimbaji kwa kuichezesha sauti yake. Thornton alibaki na kitu kimoja tu cha kusimamia: mkataba wake na Peacock. Na mkataba wa aina hiyo kwa msanii Mweusi wa wakati ule ulikuwa, mara nyingi, ni malipo ya mara moja na kwaheri.

Usidhani watunzi walipita kwa raha. Robey aliwapa Leiber na Stoller hundi ya dola 1,200 ikakataliwa benki. Otis alikuwa amejiweka kama mtunzi wa tatu. Kilichowaokoa vijana ni umri wao: utu uzima kisheria ulikuwa miaka 21, wao walikuwa 19, kwa hiyo mkataba wa kwanza haukuwa na nguvu. Mama zao wakawasimamia kisheria, mkataba mpya ukaandikwa, Otis akabaki nje. Wimbo ulipokuwa dhahabu mikononi mwa Elvis, upande wa Otis ulikwenda mahakamani New York kudai fungu lake, na mwaka 1957 ukashindwa. Wakati huohuo kampuni ya uchapishaji ya Elvis ilikuwa imekwisha kuingia kwenye santuri ya RCA ubavuni mwa ile ya Robey.

Hesabu watu hao wote: Robey, Otis, Leiber, Stoller, Phillips, wasimamizi wa Elvis. Kila mmoja kwa wakati wake alisimama mbele ya wakili au hakimu na kusema wimbo huu una changu ndani yake. Mtu mmoja tu hakuwahi kuitwa, kwa sababu alichokiweka yeye sheria haikuwa na jina lake.

Na lilimpata tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Thornton alitunga mwenyewe "Ball and Chain", akaurekodi kwa lebo ndogo ya California, Bay-Tone. Lebo haikuutoa, lakini haki ikabaki nayo. Janis Joplin alimsikia akiuimba, akaomba kuuimba, akapewa baraka, na mwaka 1967 akausimamisha umati mzima kwenye tamasha la Monterey. Joplin alimtaja Thornton waziwazi, na Thornton alipata majukwaa kwa ajili hiyo. Mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa mwenye karatasi. Safari hii alikuwa mtunzi kamili, maneno na melodi, na bado.

Kilichobaki masikioni

"Hound Dog" umerekodiwa zaidi ya mara 250. John Lennon aliuimba Madison Square Garden mwaka 1972. Leiber na Stoller waliendelea hadi "Jailhouse Rock" na kuwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa karne yao. Wengi wanaourekodi upya hufuata toleo la Elvis, pamoja na sungura wake.

Lakini ukisikiliza roki yenyewe, si wimbo huu tu, unamsikia mwingine. Mwimbaji anayeanza kabla ya bendi, peke yake, kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi. Mwimbaji anayezungumza na gitaa la solo kana kwamba ni mtu. Bendi ya gitaa, besi na ngoma iliyoachwa tupu, bila ukuta wa tarumbeta ambao R&B ya 1952 iliupenda: kwenye "Hound Dog" ya Thornton hakuna hata saksafoni moja. Kuna wanaosema santuri fulani ya mwaka fulani ndiyo roki ya kwanza, na ubishi huo hauishi. Mimi nasema tu kwamba ukiiweka ya Thornton kando ya roki ya miaka ya 1960, ya Joplin hasa, haihitaji kutafsiriwa; ukiiweka kando ya R&B nyingi za mwaka wake, inaonekana mgeni.

Thornton aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1965 alizunguka Ulaya na tamasha la blues la Wamarekani, akarekodi London kwa lebo ya Arhoolie akiwa na Buddy Guy kwenye gitaa. Pombe ilimla polepole. Mwili ule mkubwa ukapungua mpaka waliomjua wakashindwa kumtambua, lakini alipanda jukwaani hata alipolazimika kuimba ameketi. Alifariki Los Angeles tarehe 25 Julai 1984, katika nyumba ya kupanga vyumba, akiwa na miaka 57. Ibada ya mazishi iliongozwa na Johnny Otis, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa amekuwa mchungaji: yuleyule aliyetoka kwenye mitambo akakaa nyuma ya ngoma iliyolegezwa nyaya.

Ukumbi wa heshima wa rokenroli nchini Marekani ulimwingiza Elvis Presley na Sam Phillips mwaka 1986. Leiber na Stoller waliingia 1987. Johnny Otis 1994. Scotty Moore 2000, na D.J. Fontana, aliyepiga ngoma siku ile New York, 2009. Big Mama Thornton aliingia mwaka 2024.